Mwaka Tuliojenga Nyumba ya Msiba Ghalani

Habari ya kifo cha Festo ilinikuta Tunduma nikiwa juu ya ngazi, nimebakiza herufi mbili za jina la duka la vipuri. Aliyepiga simu ni mke wake. Hakuniambia moja kwa moja. Aliniuliza kwanza kama nimekula, na hapo ndipo nilipojua. Nilizimaliza zile herufi mbili kwa sababu mwenye duka alikuwa amesimama chini ananitazama, kisha nikashuka, nikaosha brashi kwa mafuta ya taa, nikatafuta gari la kwenda Makambako na jingine la kupanda Matembwe. Nilifika wamekwisha kumzika. Nina miaka arobaini na sita, na mazishi niliyochelewa ni mengi kuliko niliyowahi. Ndivyo ilivyo kwa mtu asiyekaa mahali pamoja. Mama Upendo, mkewe, alinipa chai na viazi vya kuchemsha, akakaa mbele yangu na kanga yake kichwani. "Alikuwa anakutaja sana," akasema. Nikamuuliza alikuwa akisema nini. "Kwamba wewe ndiye uliyemharibia yule dada maonyesho yake. Anasema hivyo halafu anacheka mpaka anakohoa." Nikacheka na mimi, kwa adabu. Kilichoharibika mwaka ule kilikuwa safari yangu. Festo hakuwa na safari yoyote ya kuharibiwa, kwake Matembwe palimtosha.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kilichoanza kufifia kwenye mikunjo, na chumba kimoja Makambako nyuma ya mashine ya kusaga. Mashine ikiwashwa asubuhi ukuta ulitetemeka, na unga mwembamba ulipenya dirishani ukatua juu ya kitanda, juu ya maji ya kunywa, juu ya mikebe yangu ya rangi. Niliandika mabango ya gesti na ya mama lishe. Makambako ni njia panda: magari ya Mbeya, ya Songea, ya Iringa na Dar yote yanapita hapo, na mtu akiishi njia panda bila kwenda popote, kila honi anaisikia kama inamsema yeye. Nilitaka kuondoka. Sikuwa na sababu nyingine ya maana zaidi ya hiyo, wala sitajitungia moja leo.

Sharifa alinikuta nikiandika bango la gesti. Alikuwa mbunifu kutoka Dar, mwembamba, amevaa masweta mawili na bado anatetemeka. Akatazama herufi zangu kwa muda mrefu, akasema, "Kaka, unaweza kuandika hivyo ukutani, ndani, kwenye giza?" Nikamwambia kwenye giza nani atasoma. Akacheka. Ndipo akanieleza kwamba anatengeneza maonyesho Njombe mjini kuhusu vitu vilivyochukuliwa huku kwetu enzi za Mjerumani vikapelekwa makumbusho ya Ulaya, na kwamba si maonyesho ya mtu kusimama nje ya kamba akisoma vibao. Mtu ataingia ndani yake kama anavyoingia nyumbani kwa watu. Atasikia, atanusa, atajikwaa. Ataingia mlango mmoja na kutokea mwingine, na dakika ishirini zikiisha awe ametoka akiwa amebeba kitu moyoni. Kisha akasema lile neno lililonifunga kwake mwaka mzima: maonyesho yakifunguliwa vizuri yatapelekwa Dar, na kutoka Dar nchi za nje, na atakayekuwa anayajua kwa mikono yake atakwenda nayo. Kila nilichofanya tangu siku hiyo nilikifanya nikiwa tayari nusu safarini.

Tulipewa ghala la zamani la pareto. Lilikuwa tupu miaka mingi lakini harufu ya maua makavu haikuwa imetoka, ikikushika kooni ukiingia na kukuacha ukizoea. Festo aliletwa kwa kazi za mbao. Alikuwa fundi wa Matembwe, mfupi, mwenye mikono mipana, na siku ya kwanza alizunguka ghala lote akigonga nguzo kwa vidole kabla ya kumsalimia mtu. Aliposikia mimi nina damu ya Kikinga upande mmoja, akapata kazi ya pili. "Mtazameni," alikuwa akisema, "Mkinga akiona ghala tupu haoni makumbusho, anaona duka. Wewe Dani, umeshapima kaunta itakaa wapi?" Nami nilikuwa nikimjibu kwamba Mbena kama yeye akiona ghala tupu anauliza ulanzi, ile pombe ya mianzi, utahifadhiwa upande gani. Mchana tulikula ugali na kunde za Mama Upendo, tumekaa juu ya mbao karibu na jiko la mkaa, ukungu umejaa mlangoni kama mtu anayesubiri kukaribishwa. Sharifa alikula polepole, akisikiliza utani wetu, na mara moja moja aliandika kitu kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini. Nilitamani kuwa mtu anayeandikwa kwenye daftari linalokwenda mbali.

Kitu chenyewe kilikuwa kigoda. Hatukuwa nacho, bila shaka. Tulikuwa na picha tatu zilizotumwa na makumbusho ya huko, tukazichapisha stationari mjini, wino ukiwa hafifu. Kigoda cha miguu mitatu, mguu mmoja umepasuka na kufungwa waya wa chuma. Chini ya picha waliandika kwamba kilitoka kwa mzee wa Mawengi, na kwamba kilitolewa kama zawadi. Sharifa alikwenda Ludewa kuulizia, akarudi baada ya siku nne na viatu vyenye matope mekundu, akiwa amempata Bibi Yustina. Bibi alikuwa mjukuu wa mzee yule. Hakuwa amewahi kukiona kigoda, lakini kabla hajaonyeshwa picha alisema mguu mmoja utakuwa na waya, kwa kuwa babu yake alikuwa mfua chuma na aliufunga mwenyewe. Aliposomewa neno "zawadi" alimwambia Sharifa, "Mwanangu, hao wenzako wanasoma? Mtu anatoa zawadi mikono ikiwa imefungwa nyuma?" Sharifa alitusimulia hayo jioni ile akiwa amesimama, hakuvua hata begi.

Festo akapewa kazi ya kuchonga mfano wa kigoda, uwekwe chumba cha mwisho ndani ya kabati la kioo, chini ya taa moja. Hapo palitokea ugomvi wa pekee ninaoukumbuka kati yao. Sharifa alitaka mpasuko pia uwepo. Festo akaweka tezo chini. "Yaani nichonge mguu mzima, halafu niuvunje?" Sharifa akasema ndivyo picha inavyoonyesha. "Dada yangu, mguu ule ulivunjika kwa kukaliwa. Huu nani ameukalia? Nikipasua kazi yangu kwa makusudi nitawaambia nini watu wa Matembwe?" Wakavutana siku mbili. Mwishowe Festo akafunga waya kwenye mguu mzima usiokuwa na ufa, akasema hapo ndipo mkono wake unapofika. Sharifa akachoka, akaachia. Alikuwa anachoka mapema siku hizo, kwa baridi na kwa barua za wafadhili waliotaka kila wiki kujua dakika ishirini zimefika ngapi.

Kosa lilikuwa letu, mimi na Festo, na tulilifanya bila kujua. Chumba cha kwanza kilikuwa nyumba: kuta nilizopaka udongo na masizi, sauti ya jiwe la kusagia. Cha pili Sharifa hakukimaliza. Ilimbidi aende Dar wiki tatu kufuata taa na spika, akatuachia maneno tu: "Nataka mtu ahisi kitu kimeondoka katika nyumba hii. Watu wengi wako karibu, wana huzuni, lakini hawalii. Mnajua nyinyi." Tukasema tunajua. Tukatoa viti vyote kwa sababu watu wangejikwaa gizani. Sakafu ya saruji ilikuwa na baridi ya kuumiza mifupa, tukatandika mikeka kutoka ukuta hadi ukuta. Alitaka harufu ya moshi, lakini mwenye ghala alikataza moto ndani, kwa hiyo tukapanga kuwasha magogo nje kidogo ya mlango, moshi uingie wenyewe. Sauti nilikwenda kuinasa kwa Festo: niliwaomba mama zake wakubwa na majirani wapukuchue mahindi wakiongea taratibu, kama watu wenye habari nzito. Walijitahidi. Baada ya muda walikuwa wanamjadili msichana fulani aliyekataa mchumba mwenye ng'ombe, lakini kwa sauti ile ile ya chini. "Ng'ombe atamfanyia nini na yeye anataka mtu wa kuongea naye?" "Aongee na ng'ombe." Ukiisikiliza kwa mbali, bila kushika maneno, ilikuwa sauti nzito kweli. Sharifa aliporudi na kuingia chumba kile, alivua viatu mlangoni. Hakuna aliyemwambia. Akasimama katikati kidogo, akasema kwa sauti ndogo, "Hapa mmeniweza." Nilijiona niko Dar.

Siku ya ufunguzi manyunyu yalianza alfajiri na hayakukata. Mgeni rasmi kutoka serikalini alitarajiwa saa nne pamoja na wafadhili wawili, na wenye kigoda walikuwa wamealikwa kuingia kabla yake, saa tatu, ili wakati mgeni akifika wawe wameshapita na kusimama upande wa kutokea, tayari kumpokea. Ndivyo ilivyopangwa kwenye karatasi, nami ndiye niliyepewa karatasi na ufunguo wa kabati. Walikuja kwa lori la viazi lililofagiliwa, wanaume kwa wanawake wapatao thelathini, Bibi Yustina mbele kwenye kiti cha dereva msaidizi akiwa amefunikwa blanketi. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Lakini hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama magogo yanayowaka nje ya mlango. Nyuma yake akina mama walianza kunong'ona, kisha wawili wakaenda pembeni, wakarudi na mizigo ya kuni waliyoipata sijui wapi, wakaiweka karibu na moto wetu kimya kimya. Mmoja alishusha kutoka kwenye lori unga waliochukua kwa chakula cha njiani. Hata hapo sikuelewa. Nilifikiri wametuletea zawadi.

Wakapita chumba cha kwanza haraka, kama watu wanaopita sebule. Walipofika cha pili wakavua viatu wote, wakaingia. Wanawake wakakaa upande wa kulia na kunyoosha miguu, wanaume wakakaa kushoto, Bibi Yustina akasogezwa pembeni ya ukuta wa mwisho. Sauti za mama zake Festo zilikuwa zikinung'unika kwenye spika, moshi ukiingia taratibu. Dakika kumi zikapita, ishirini zikapita, nusu saa. Hakuna aliyetazama mlango wa kutokea. Niliposimama pale mlangoni nikiwatazama, mikeka, miguu, moto nje, unga pale kizingitini, ndipo nikaelewa. Tulikuwa tumejenga nyumba ya msiba. Tulipoulizwa mimi na Festo huzuni inafananaje, mikono yetu ilijua jibu moja tu, na ikalijenga. Na nyumba ya msiba mtu haingii mlango huu akatokea ule. Anakaa.

Sharifa alinivuta sweta. Gari la mgeni rasmi lilikuwa limepita kona ya soko. "Waondoe, kaka. Kwa upole, lakini waondoe. Wakitoka tu kila kitu kiko sawa, mimi na wewe tunakwenda." Sikuhitaji kukumbushwa kwamba tunakwenda. Niliingia nikachuchumaa mbele ya Bibi Yustina, nimeshika karatasi yangu.

"Bibi, samahani. Kuna chumba kingine mbele."

"Nani amefiwa hapa?" akaniuliza.

Nikasema, "Bibi, haya ni maonyesho."

"Nimeona. Nakuuliza mfiwa ni nani. Watu wamekuja, moto umewashwa, mfiwa simuoni. Tumpe pole nani? Wewe?"

Mzee mmoja upande wa wanaume akacheka kidogo puani. "Huyu kijana wa karatasi hajafiwa, labda atafiwa sasa hivi na bosi wake."

"Basi mfiwa ni mimi," akasema Bibi, bila kucheka. Na akanieleza, kwa Kiswahili cha polepole kilichokuwa kikisimama kutafuta neno, kwamba babu yake alipokufa msiba wake haukufungwa. Kwao, msiba unafungwa siku mrithi anapokalishwa kwenye kigoda mbele ya watu. Kigoda hakikuwepo. Baba yake alizeeka akiitwa mtoto. Kwenye kila kikao cha ukoo alianza kusema na mtu akamkata, wewe hujakaa. Akafa hivyo. Sasa yuko Alfredi, mtoto wa kaka yake, na akaonyesha kwa kidevu mwanamume wa miaka hamsini na zaidi, mkulima wa viazi, aliyekuwa anatazama vidole vyake vya miguu. "Naye anakatwa maneno. Nimekuja kwa gari la viazi nikijua naenda kutazama picha. Nimekuta nyumba imeandaliwa. Leteni hicho mlichochonga."

Nikatoka nje. Mgeni rasmi alikuwa ameshashuka, amesimama kibarazani chini ya mwavuli na wafadhili wawili, Sharifa akiwaeleza jambo kwa mikono. Festo alikuwa nyuma ya pipa la maji anavuta sigara. Nilimwambia. Hakushangaa hata kidogo, nahisi alikuwa ameshaona zile kuni. "Mimi nilichonga ili kikaliwe," akasema. "Kile kioo alikileta dada." Nikamwambia kuhusu safari yangu ya Dar. Akatupa sigara. "Ndiyo, ya kwako hiyo," akasema, na hakuongeza neno. Nimemlaumu kwa kutoongeza neno. Rafiki mwingine angenishauri, na leo ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Nilifungua kabati. Nakumbuka kioo kilivyokuwa baridi na jinsi taa ile moja ilivyonifanya nione vumbi la unga kwenye mkono wa sweta langu. Nilikibeba kigoda kwa mikono miwili nikapita mlango wa kutokea kwa kinyume, nikaingia nacho. Bibi Yustina alikipokea mapajani, akakipapasa kote, akafika kwenye waya, akapitisha kidole chini yake. "Huu mguu haujavunjika." Festo alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia mkononi. "Haujavunjika, bibi. Ulinishinda kuuvunja." Bibi akamtazama. "Afadhali," akasema. "Aanze na kizima." Kisha Alfredi akaitwa. Hakuja haraka. Alifika katikati, akainama kama anayekagua kama kitambeba, na mzee yule wa kicheko cha puani akasema, "Kaa bwana, hujawahi kuona stuli?" Akakaa. Wanawake wakapiga vigelegele, spika ikaendelea na habari za ng'ombe na mchumba, na nilipogeuka nikamuona Sharifa mlangoni, amevua viatu, na nyuma ya bega lake mgeni rasmi, mtu wa nyanda hizi hizi kama sisi, ameshika kofia yake kifuani na kusubiri.

Walisali, wakasimama, wakavaa viatu, wakaondoka na kigoda. Hakuna aliyeomba ruhusa na hakuna aliyewauliza. Mgeni rasmi akapitishwa vyumba vyote vitatu, na katika cha tatu akasimama mbele ya kabati lililo wazi, tupu, taa ikimulika kitambaa. Alitingisha kichwa, akasema pole, sijui alimwambia nani. Wafadhili waliuliza maswali mengi na Sharifa akayajibu yote. Alikuwa na sauti ya mtu anayebeba ndoo iliyojaa.

Tulifungasha baada ya miezi miwili. Maonyesho yalikwenda Dar yakiwa na kamba za kuongoza watu na vibao vya "Endelea mbele", na chumba cha pili kikiwa na viti. Mtu mwingine alipewa kazi ya kwenda nayo, kijana wa huko huko aliyeletwa na wafadhili. Hakuna aliyenifukuza, jina langu halikuwa kwenye orodha tu. Lori liliposimama Makambako kujaza mafuta, Sharifa alishuka kuniaga mlangoni kwa mashine ya kusaga. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo. "Ungenisubiri mpaka jioni, kaka," akasema. "Wageni wangeondoka, ningekitoa mwenyewe kwa mikono yangu." Nilimwamini, na bado ninamwamini. Hicho ndicho kinachonichosha hadi leo nikiwa juu ya ngazi za watu kwenye miji ya watu: kwamba njia ya kupata vyote viwili ilikuwepo, ilikuwa ndefu kwa saa sita au saba tu, na mimi sikumuuliza. Bibi Yustina angesubiri. Alikuwa na desturi ya kusubiri kuliko sisi wote. Lakini nilipokuwa nimechuchumaa mbele yake na karatasi yangu nilitafuta namna ya kumwambia mfiwa asogee kwanza, wageni wapite, nikaitafuta kwa kila lugha niliyokuwa nayo, haikuja. Nilimwambia Sharifa hivyo. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akarudi kwenye lori.

Likakunja kulia kuelekea Iringa. Nilisimama pale hadi mashine ya kusaga ikawashwa. Kisha nikaingia chumbani, nikakung'uta unga kwenye begi, nikaweka brashi na mkebe mmoja wa rangi nyeusi, nikatoka barabarani na kumuuliza kondakta wa gari la kwanza lililosimama linakwenda wapi. Akasema Songea. Nikapanda, na tulipofika Njombe sikushuka.